Zamu ya Maji: Tafakari juu ya Kumkumbuka Mzee wa Kihamba

Katika mazishi ya wazee kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kabla jeneza halijateremshwa kaburini, husomwa maandishi yanayoitwa wasifu wa marehemu, yaani maelezo mafupi ya maisha yake ambayo kwa kawaida huandikwa usiku wa kuamkia maziko na mmoja wa wanawe au wajukuu wake, yakapitiwa na wazee wa ukoo ili tarehe na majina yakae sawasawa, kisha yakasomwa mbele ya waombolezaji kwa sauti inayojitahidi isikatike. Maandishi hayo, ambayo mara nyingi hayazidi kurasa mbili, yana mpangilio uliozoeleka kiasi kwamba msikilizaji anaweza kuyafuata hata akiwa amesimama mbali chini ya migomba: marehemu alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa, alisoma hadi darasa fulani, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, alianza kuugua, akapelekwa hospitali, akafariki. Ni utanzu ambao haujapewa nafasi katika vitabu vya fasihi, ingawa ni familia chache mno ambazo hazijawahi kuuandika.

Sehemu ambayo waombolezaji huisubiri katika wasifu wa mzee aliyekula chumvi nyingi ni ile inayoanza kwa neno moja, «ameacha», kwa kuwa hapo ndipo maisha marefu yanapohesabiwa kwa kipimo ambacho ukoo unakielewa. Husemwa kwamba ameacha mjane, watoto 9, wajukuu 34 na vitukuu 21, na kadiri hesabu inavyopanda ndivyo minong'ono ya kukubali inavyopita katikati ya watu. Lugha ya Kiswahili imejiandaa vema kwa hesabu ya namna hiyo, maana haikuishia kwa mjukuu, ambaye ni mtoto wa mtoto, wala kwa kitukuu, ambaye ni mtoto wa mjukuu, bali iliendelea hadi kilembwe, mtoto wa kitukuu, na kining'ina, mtoto wa kilembwe. Waliotunga maneno hayo waliamini kwamba mtu anaweza kuishi hadi akahitaji jina la kumwita kiumbe wa kizazi cha tano kutoka kwake, na wakaliweka tayari jina hilo lisije likakosekana siku litakapohitajika.

Hata hivyo, kati ya ndoa na ugonjwa, wasifu huwa na sentensi moja ambayo hupita haraka na ambayo hakuna anayeitilia maanani, nayo husema kwamba marehemu aliendelea na shughuli zake za kilimo hadi mauti yalipomfika. Kwa mzee aliyefariki akiwa na miaka tisini na ushei, sentensi hiyo ina miaka sitini au zaidi ndani yake. Cheo alichowahi kushika kanisani kitaandikwa mstari mzima, na jina la hospitali alikolazwa kwa siku tano za mwisho halitasahauliwa, lakini asubuhi zaidi ya elfu ishirini alizoamka na panga mkononi zimefungwa katika maneno mawili tu, «shughuli za kilimo». Tafakari hii inaitazama sentensi hiyo, kwa imani kwamba maisha ya mzee yamo humo, na kwamba namna familia inavyoielewa ndiyo inayoamua kama mzee atakumbukwa au atatajwa tu.

Ili kuielewa, ni lazima kwanza kufahamu kihamba ni nini. Kwa Wachagga, ambao ni wenyeji wa miteremko ya kusini na mashariki ya mlima huo, kihamba ni shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, aghalabu ekari moja au mbili, katika ukanda wenye mvua na baridi ya wastani kati ya mbuga za chini na msitu wa juu. Ndani yake mimea hupandwa kwa ngazi: miti mirefu kama mringaringa na mfuruanje hutoa kivuli na mbao, chini yake husimama migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage na majani ya mifugo, huku ng'ombe wakifugwa zizini na samadi yao ikirudishwa shinani mwa migomba. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, wilayani Moshi, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima, na sababu si ngumu kuiona, kwa kuwa ni ardhi ambayo imelimwa kizazi baada ya kizazi bila kuchoka, mradi tu pawepo mtu wa kuihudumia kila siku.

Kihamba pia ndipo wanapozikwa waliokihudumia. Mzee huzikwa hatua chache kutoka kwenye mlango alioutumia, karibu na baba yake na babu yake, na penye makaburi ya zamani yasiyo na maandishi hupandwa masale, mmea wenye majani marefu ya kijani ambao hauhitaji kutunzwa na ambao hubaki mbichi hata kiangazi. Kwa hiyo anayepalilia kihamba hupalilia pia makaburi, na mkungu wa ndizi za mshare unaokatwa kwa ajili ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama anayopikiwa mama aliyejifungua, huenda umeota katika udongo uleule uliompokea babu wa mtoto anayezaliwa. Mwenye kihamba hahitaji kuelezwa kwamba waliokufa wanawalisha walio hai, maana kila siku hupita kando yao akiwa na jembe.

Mzee aliyezaliwa mahali pa namna hiyo katika miaka ya 1920 mara nyingi hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwaka unaosomwa katika wasifu wake umetokana na cheti cha ubatizo au umekadiriwa kwa kulinganisha rika, yaani kundi la waliokua na kutiwa jandoni pamoja. Alizaliwa chini ya mamlaka ya Waingereza na chini ya mangi, ambaye ni mtawala wa jadi wa eneo lake. Akaona vijana wa rika lake wakichukuliwa kuingia Keya, jeshi la kikoloni la Waafrika wa Afrika Mashariki, ambalo katika Vita Kuu ya Pili lilipigana hadi Burma. Akaingia katika uhuru wa Tanganyika usiku ule wa Desemba 1961 ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera kileleni Kibo, juu kabisa ya migomba yake. Akashuhudia madaraka ya machifu yakiondolewa mwaka 1963, Muungano ukifungwa mwaka 1964, Azimio la Arusha likitangazwa mwaka 1967 na vita vya Kagera vikipiganwa mwaka 1978 na 1979. Serikali zilibadilika, nyimbo za shule zilibadilika, sarafu ilibadilika, lakini mzee aliamka katika nyumba ileile na kutazama mibuni ileile.

Mibuni hiyo nayo ina historia ambayo inamgusa moja kwa moja. Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji walipoanza kuipanda kwa ajili ya kuuza, walowezi wa Kizungu walipinga, wakidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa na wizi. Wakulima waliunda umoja wao mwaka 1925 ili kuilinda kahawa yao, na mwaka 1933 kikaanzishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake cha KNCU, ambacho ni miongoni mwa vyama vya ushirika vya kwanza vya wakulima Waafrika. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa miaka hiyo alikua pamoja na ushirika kama mtu anavyokua pamoja na ndugu yake wa kuzaliwa, na alipofikia umri wa kuoa alikuwa tayari anajua kwamba mti ule mfupi wenye maua meupe ndio uliobeba ada ya shule, mabati ya nyumba na vitenge vya sikukuu.

Anayetaka kujua mzee huyo alikuwa mtu wa namna gani atamwona vizuri zaidi katika msimu wa kuvuna kuliko katika wasifu wake. Kahawa nzuri haivunwi kwa kukwanyua tawi zima, bali huchumwa tunda mojamoja lililoiva na kuwa jekundu, huku la kijani likiachwa mpaka wiki ijayo, hivyo kwamba mti mmoja hurudiwa mara nyingi katika msimu mmoja. Matunda hupitishwa siku hiyohiyo katika mashine ya kumenyea inayozungushwa kwa mkono, buni hulowekwa ili utelezi utoke, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa mara kwa mara, na mvua ikinyemelea hufunikwa kabla haijanyesha. Uharaka humharibia mkulima bei, na uvivu humharibia zaidi. Mzee aliyeifanya kazi hiyo miaka sitini alikuwa amefundishwa na mti wenyewe kutochuma kisichoiva, na wale waliomsikia akinyamaza katikati ya mabishano ya kikao cha ukoo, akiwaacha vijana waseme mpaka waishiwe, walikuwa wakiona mkono uleule unaolipita tunda la kijani na kulingoja.

Uvumilivu huo ulijaribiwa. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yangali mtini, uliwalazimu wakulima kunyunyizia dawa ambazo bei yake ilipanda mwaka hadi mwaka. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa miaka michache baadaye vikiwa vimedhoofika. Na bei ya kahawa katika soko la dunia iliporomoka baada ya mwaka 1989, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti mauzo uliposambaratika. Katika miaka hiyo wengi waling'oa mibuni na kupanda nyanya, mahindi au ndizi za kuuza. Yako maboma, hata hivyo, ambamo mzee alikataa kung'oa, si kwa sababu hakujua hesabu, bali kwa sababu mibuni ile ilikuwa imemsomeshea watoto kwa malipo ya kwanza na malipo ya pili ya ushirika, naye aliona kwamba kuikata katika mwaka wake wa njaa ni kumtupa mtumishi aliyezeekea nyumbani. Familia inaweza kuuita uamuzi huo ukaidi au uaminifu, lakini kwa vyovyote haiwezi kumfahamu mzee bila kuutaja.

Kumbukumbu ya kweli haina budi pia kutaja mikono mingine iliyokuwa kihambani. Majani ya ng'ombe wa zizini yalitoka kwa sehemu kubwa katika mbuga za chini, na waliopanda mlima nayo kichwani, mzigo baada ya mzigo, walikuwa wanawake, ambao pia waliuza ndizi sokoni, waliwasha moto, walipika mbege, yaani pombe ya ndizi na ulezi, na kuwauguza wazee wakati nguvu zilipowaishia. Maisha marefu ya mzee yalijengwa juu ya migongo hiyo. Pamoja na hayo, kwa desturi kihamba kilipita kwa wana wa kiume, mkubwa akipewa kipande chake anapooa na kitinda mimba wa kiume akirithi nyumba ya baba na wajibu wa kumtunza mama, ilhali binti alihesabiwa kuwa mtu wa kihamba cha watu wengine. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, aliyechunguza sheria za kimila za mlima huo katika kipindi cha miaka mia moja, alionyesha kwamba kile kilichoitwa mila isiyobadilika kilikuwa kikibadilika muda wote kulingana na ardhi, kahawa na mahakama. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Wako wazee ambao katika uzee wao walimwita binti yao, wakamwonyesha mpaka na kusema mbele ya ndugu kwamba kipande kile ni chake. Kitendo hicho kinastahili mstari katika wasifu kuliko vyeo vyote, na pale ambapo hakikufanyika, kumpenda mzee hakudai upungufu huo ufichwe.

Desturi yenyewe imetoa njia ya kusema ukweli bila kuvunja heshima, nayo imo katika mmea uleule unaosimama makaburini. Sale moja, likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu aliyekosewa, ni ombi la msamaha ambalo ni aibu kubwa kulikataa, na masale yaleyale hupandwa mpakani kati ya kihamba na kihamba ili ugomvi usizuke. Mmea mmoja, basi, umebeba kazi tatu: kuonyesha mpaka, kuomba radhi na kulinda kaburi. Wazee waliouchagua walielewa kwamba mambo hayo matatu hayatengani, kwa kuwa ndugu wengi hukosana juu ya mpaka, wachache hupatana kabla ya kufa, na mtu anayezikwa bila kupatana na nduguye huacha ugomvi wake kama sehemu ya urithi. Mzee anayekumbukwa kwa mapenzi katika ukoo mara nyingi ni yule ambaye masale yalipita mikononi mwake, akiwa amepelekewa na walioshindwa kwenda wenyewe kwa waliowakosea, akayapeleka kwa niaba yao usiku bila kutangaza.

Kuna kauli mashuhuri inayonasibishwa na Amadou Hampâté Bâ, mwandishi wa Mali, ambayo humfananisha mzee wa Kiafrika anayefariki na maktaba iliyoteketea. Kauli hiyo imefanya kazi kubwa ya kuwaheshimisha wazee, lakini mlimani kipo kifani kingine kinachokaa karibu zaidi na jambo lenyewe, nacho ni mfongo. Mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mikono kutoka kwenye mto ulioko juu katika korongo, ukaongozwa ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo sana, wakati mwingine kwa kilomita kadhaa, hadi uufikie mgongo wa ardhi wenye vihamba. Waliouchimba hawakuwa na vyombo vya kupimia ila macho yao na maji yenyewe. Kila nyumba ilipewa zamu yake ya maji, na aliyetaka zamu alilazimika kufika siku ya kazi na jembe lake kuzibua matope, kuondoa mawe na kuziba mahali maji yanapovujia, la sivyo alitozwa faini au alinyimwa maji.

Maktaba huhifadhi kilichokwisha kuandikwa, na msomaji anaweza kuifungua baada ya miaka mia akakikuta kitabu kama kilivyoachwa. Mfongo hauko hivyo, maana ukiachwa misimu miwili tu majani huota ndani yake, kingo hubomoka, na maji hurudi mtoni kana kwamba hakuna aliyewahi kuyaita. Kumbukumbu ya mzee ni ya aina hiyo ya pili. Alichojua, yaani mti upi ukatwe na upi uachwe, jirani yupi alidhulumiwa na babu na bado anadai, shangazi yupi asisahaulike mbuzi anapochinjwa na kila sehemu ya nyama kupewa mwenyewe, hakikukaa kichwani mwake kama kitabu rafuni. Kilipita kwake kutoka kwa waliomtangulia, naye akakizibulia njia ili kiwafikie walio chini. Siku anapofariki hakuna kilichoungua. Maji bado yapo juu, lakini siku ya kazi imefika na jembe lake halipo.

Hapo ndipo panapouma katika familia nyingi za sasa. Watoto na wajukuu wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo, na hurudi Desemba kwa mabasi na magari yanayojaza barabara ya Moshi, wakiwa na upendo wa kweli na zawadi za kweli. Kaburi la mzee hujengewa kwa marumaru, picha yake huchapishwa kwenye fulana, na misa ya kumbukumbu hufanyika kila mwaka. Mapenzi hayo si ya kubezwa, kwa kuwa mtu hutoa alichonacho. Lakini hatua kumi kutoka kwenye marumaru hayo mibuni imefunikwa na majani, zizi ni tupu, na mlinzi anayelipwa kwa mwezi hajui kwa nini pale kwenye kona pamepandwa masale, hivyo kwamba siku moja, kwa nia njema tu ya kusafisha, atayang'oa. Mzee atakuwa amepata jiwe la kumtaja na kupoteza kazi iliyomfanya astahili kutajwa.

Si kila mjukuu anaweza kurudi kuishi kihambani, na ekari moja iliyogawanywa vizazi vitatu haiwezi kulisha wote. Kudai hivyo kungekuwa kuwadhulumu walio hai kwa jina la aliyekufa. Linalowezekana ni dogo kuliko hilo. Familia inaweza kukaa siku ya kuanua matanga, ambayo ni siku ya kufunga rasmi kipindi cha maombolezo, ikauchukua wasifu uliosomwa kaburini na kuifungua ile sentensi ya «shughuli za kilimo», kila mmoja akisema alichokiona: binti akaeleza jinsi baba alivyopogoa, jirani akaeleza ugomvi uliomalizika, mjane akaeleza miaka ya njaa na nani alikula mwisho. Inaweza kugawana kazi kama inavyogawana vyombo, mmoja akabeba mibuni kwa kupanda miche mipya inayostahimili chulebuni, mwingine akabeba kumtembelea shangazi, mwingine akabeba kuwajulisha watoto mipaka kwa kutembea nao kwa miguu. Na kwa kuwa kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, liko jukumu la kumweleza mtoto aliyebeba jina hilo kwamba amekabidhiwa pia jembe.

Pale ambapo mfongo ungali unatiririka, si ajabu zamu ya maji kuendelea kuitwa kwa jina la mzee muda mrefu baada ya yeye kuzikwa, kwa kuwa zamu ni ya nyumba na nyumba hujulikana kwa jina lake. Siku ya kazi watu hukusanyika asubuhi juu korongoni, ukungu ukiwa bado haujapanda, na nyumba huhesabiwa mojamoja ili ijulikane nani amefika na nani atatozwa. Jina la mzee linapotajwa, picha iliyoko ukutani haiwezi kuitika, wala marumaru, wala wasifu uliokunjwa ndani ya Biblia ya mjane. Akiwapo kijana mmoja, au binti mmoja, aliyesimama ndani ya matope akiwa na jembe, akaitika kwa niaba ya nyumba hiyo na kuinama kuanza kazi, basi ile sentensi iliyopita haraka katika wasifu itakuwa bado haijafikia mwisho, na jioni maji yatashuka hadi kwenye migomba inayoota kando ya kaburi.